Chupa Mbili za Wazee wa Murusagamba

Juzi nilikwenda kupima sukari. Binti aliyenitoa damu alikuwa na mkono mwepesi, sindano hata sikuisikia. Lakini alipomaliza aliuweka mrija wangu mezani, kando ya mirija mingine miwili, bila kuandika kitu, akatoka kwenda kujibu simu. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Binti akarudi mbio akidhani nimezimia. Nikamwambia sijazimia, ila mrija wangu usiguswe kabla hajaandika jina langu mbele ya macho yangu. Akaandika. Nikamsikia akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu bibi ana matatizo.

Ni kweli ninayo. Nimetembea nayo tangu mwaka wa vita ya Kagera, na leo nayatua mbele yenu ninyi vijana wa maabara, maana naona hakuna mwingine atakayewaambia. Nilifanya kazi hii miaka thelathini na zaidi, mingi upande wa Ngara, michache Biharamulo. Hospitali yenyewe sitaitaja. Kosa nitakalolisimulia si la kuta zake, ni langu mimi Adelina.

Ninyi mna mashine inayosoma damu yenyewe na kutema karatasi. Sisi tulikuwa na macho na saa ya ukutani. Hadubini yetu ilikuwa na kioo chini, unakielekeza dirishani kikamate mwanga, halafu unaomba wingu lisipite. Aliyenifundisha kuitumia aliitwa Zabroni, Msubi wa Biharamulo, mtu mfupi mwenye sauti ya mnadani. Ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara, na maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja, yeye na mimi.

Zabroni alikuwa na methali zake za kazi, nyingine haziandikiki. Moja naweza kuwaandikia: alisema choo cha kuhara damu ni kama ugali, kikipoa hakina maana tena. Alisema kweli. Amiba ukimkuta angali na joto la mwili utamwona anatambaa, anajinyoosha huku na kujivuta kule. Akipoa anajikunja, unamdhania chembe ya kawaida. Basi mgonjwa wa kuhara damu tulikuwa tunampeleka nyuma ya jengo na kumsubiri pale pale, mlangoni, kama polisi. Wengine walitoka kijijini alfajiri wakibeba choo ndani ya jani la mgomba, wanafika saa sita, wamejaza kiasi cha kulisha shamba. Zabroni alipokea kwa heshima zote, akashukuru, akatupa, akaomba kingine.

Na makosa nilifanya mengi mwanzoni. Mwezi wangu wa kwanza niliandika kwamba mwalimu mmoja ana mayai ya minyoo, kumbe nilikuwa nimeona mapovu ya hewa. Mwalimu akanywa dawa ya minyoo siku tatu na kukosa kazi kwa kukimbilia chooni. Zabroni hakunigombeza. Alinikalisha na penseli nichore mapovu ya hewa mia moja, na kila moja nikaliwekea sahihi yangu. Tangu hapo povu la hewa halijanidanganya. Makosa ya namna hiyo yalikuwa na dawa, ndiyo maana nayakumbuka kwa kucheka.

Kipimo nilichokipenda kilikuwa cha damu kutuama. Unachukua damu, unaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, unaivuta ndani ya mrija mrefu mwembamba wa kioo, unausimamisha wima na kusubiri saa nzima. Kisha unasoma wekundu umeshuka kiasi gani. Kwa mtu mwenye afya unashuka kidogo tu. Kwa mtu mwenye mchochota mwilini, yaani ile hali ya nyama kuwaka moto, kuvimba na kuuma kwa sababu mwili unapigana na kitu, wekundu unaporomoka. Usiuweke mrija juani, usiuweke kwenye meza inayotikiswa na malori. Na ukumbuke kwamba kipimo hiki kinakuambia kuna moto tu, hakikuambii nyumba gani inaungua. Mengine lazima uyatafute kwa njia nyingine.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengine mtalicheka. Kwetu, katika ukoo tulimokulia sisi na ule nilikoolewa, mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, wala jina lake halipiti mdomoni mwake. Mimi nilikuwa nimesoma hadi chuo. Amiba nilimjua kwa jina lake la Kilatini. Lakini jina la baba yake mume wangu sikuwahi kulitamka wala kuliandika. Ukilitamka umemvua nguo hadharani, ndivyo tulivyolelewa, na hata humu sitaliandika. Shangaeni mkitaka.

Zabroni alilijua hilo. Ikija karatasi yenye jina la mzee huyo, yeye ndiye alikuwa ananiandikia, na ilikuwa utani wetu wa kila mara. Alikuwa ananiuliza, "Mkaza mwana, siku nikihamishwa mkwe wako atapimwa na nani?" Tunacheka, tunaendelea na kazi.

Baba mkwe alikuwa anaishi Murusagamba. Watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, alipangiwa kiwanja kwenye mstari wa nyumba karibu na kisima kipya, na aliyepangiwa kiwanja cha pili alikuwa mzee mmoja kutoka kilima cha mbali, Yeremia Kagoma. Walikuwa hawajuani kabisa. Wote wawili walikuwa na uchungu wa migomba waliyoiacha nyuma, na nadhani urafiki ulianzia hapo, kwa kulalamika pamoja. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wanashiriki jembe, kisima na mtungi wa pombe ya ndizi. Mmoja akikohoa, mwingine anauliza kulikoni.

Ndiyo maana sikushangaa walipofika hospitali pamoja, juu ya lori la kijiji lililobeba maharage, wote wanalalamikia jambo moja: damu kwenye choo, kwa miezi. Kijijini walisema ni maji ya kisima. Zabroni aliwapima wote wawili, kwa sababu choo cha baba mkwe mimi nisingekikaribia, akakuta amiba kwa wote wawili. Kisima kilikuwa kimoja, basi hata amiba walikuwa wa kisima kimoja.

Tulikuwa na daktari wa upasuaji wakati huo, mtu mwangalifu, asiyeridhika upesi. Aliwapima kwa kidole, kisha akawachungulia kwa bomba la chuma lenye taa. Akarudi maabara amekunja uso. Kila mzee alikuwa na uvimbe kwenye njia ya haja kubwa, unaolingana na wa mwenzake kwa ukubwa, unaotoa damu ukiguswa. Alitueleza kwamba amiba akikaa muda mrefu anaweza kujenga uvimbe wa mchochota mtupu, unaofanana na saratani kwa macho na kwa kidole. Na mtu mwenye saratani anaweza kuwa na amiba pia, kwa hiyo kumkuta amiba si ushahidi kwamba ndiye mwenye kosa. Mmoja anaponea vidonge, mwingine anahitaji kisu, tena mapema. Njia ya kuwatenganisha ilikuwa moja tu: kunyofoa kipande cha nyama kwa kila mmoja na kukipeleka kwa mtaalamu Mwanza.

Nilishtuka kulisikia neno saratani. Vitabu vyetu vilisema saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu.

Vita ilikuwa imeshaanza. Mume wangu, ambaye alikuwa mgambo, alikwisha kuondoka, na neno lake la kuniaga lilikuwa nimtunze baba yake. Asubuhi ile ile ya kunyofoa nyama, daktari na Zabroni walikuwa wameitwa kwenda mstari wa mbele, mmoja kupasua majeruhi, mwingine kupima damu za kuwaongezea. Gari lilikuwa getini linanguruma. Daktari alinyofoa vipande viwili mbio mbio, akanawa, akaondoka. Zabroni alinikabidhi funguo za maabara na kuniambia neno moja tu: majina.

Nyama iliwekwa katika vichupa viwili vya penisilini vilivyooshwa, ndani yake fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze. Aliyevileta kutoka wodini ni Pastori, dresa wetu wa siku nyingi, mfunga vidonda wa wodi. Akaviweka mezani, akanionyesha: hiki cha mkwe wako, hiki cha Kagoma. Kanuni ilikuwa niandike pale pale. Kalamu ilikuwa mkononi na plasta nimeshaikata.

Sikuandika. Nilimpa Pastori kalamu, nikamwomba aandike yeye vyote viwili. Pastori alikuwa amejifunza kusoma na kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na alikuwa haandiki bila kutamka kila silabi kwa sauti. Nilijua atalitamka jina la baba mkwe mbele yangu, polepole, kipande kwa kipande. Nikaona haya. Nikatoka kwenda bombani nyuma ya jengo kuosha mirija ambayo ilikuwa safi.

Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Vichupa vilisimama vina majina, na kando yake kulikuwa na kitambaa kimelowa fomalini. Plasta haishiki kwenye kioo chenye maji, hilo tulilijua sote. Pastori alikuwa amevinyanyua vyote viwili, akavifuta, akavirudisha, ndipo akabandika. Nilikiona kitambaa. Nilijua maana yake kwa sekunde moja nzima, nikafikiri, Pastori ni mtu mzima, hawezi kuchanganya. Sikumuuliza. Katika daftari la maabara niliandika Kagoma mstari wa kwanza, na mstari wa pili nikaacha nafasi ya jina wazi, Zabroni aje kuujaza. Vichupa vikaondoka na lori lililopita Lusahunga kwenda Mwanza.

Majibu yalikaa miezi miwili na zaidi, kwa kuwa magari yote yalikuwa ya jeshi. Zilikuja barua mbili. Mganga aliyebaki na hospitali alinisomea. Ya Kagoma ilisema hakuna saratani, ni mchochota mtupu, amiba wameonekana ndani ya nyama yenyewe, apewe vidonge. Ya baba mkwe ilisema ni saratani. Nikakaa kwenye kreti la chupa.

Mganga akaendelea kusoma kwa sababu barua ilikuwa na maneno zaidi. Mtaalamu aliandika kwamba chembe za saratani hii bado zimejipanga, hazijatawanyika ovyo, na kwamba pembezoni mwake kumejaa chembe nyeupe za damu. Nikauliza, si huo ndio mchochota, na mchochota si ubaya? Mganga akanieleza jambo ambalo nililifundisha baadaye kwa miaka yote. Mchochota ukienea mwili mzima, mgonjwa anapata homa, anakonda, damu inaporomoka mrijani, hapo hali ni mbaya. Lakini chembe nyeupe zikijikusanya kwenye kingo za uvimbe wenyewe, ina maana mwili umemtambua adui na umemzingira. Mtu wa namna hiyo akipasuliwa mapema mara nyingi anaishi. Ugonjwa ni ule ule, lakini hatima ya mgonjwa inaweza kusomeka kwenye kingo za kipande cha nyama kisichozidi punje ya mahindi.

Mpasuaji wetu alikuwa vitani. Baba mkwe alipoambiwa aende Mwanza alikataa. Alisema hawezi kukatwa na watu asiowajua wakati mwanawe yuko kwenye risasi, mwana akirudi amkute nyumbani. Walirudi Murusagamba na lori moja, yeye na Kagoma. Kagoma alikuwa na pakiti ya vidonge vya amiba mfukoni, pakiti moja tu tuliyoipata baada ya dawa nyingi kwenda jeshini, na hakuthubutu kufurahi. Alikaa ameinamisha kichwa, kana kwamba amemwibia mwenzake.

Miezi ikapita. Kila lori la Murusagamba lilipoingia nilikuwa naogopa kuuliza habari.

Katikati ya masika mlango wa maabara uligongwa. Baba mkwe alikuwa amesimama pale, amebeba mkungu wa ndizi begani. Ameubeba yeye mwenyewe. Mashavu yalikuwa yamejaa, na shati ambalo nililiona likimpwaya sasa lilikuwa linambana tumboni. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimejishika kwenye meza. Sikuamini macho yangu, na mshtuko ule ulinifanya nitende jambo ambalo sikuwahi kulitenda: nilimshika mkono baba mkwe, nikamkalisha, nikamfunga mpira, nikamtoa damu. Naye hakukataa.

Tulikaa saa nzima tunautazama mrija. Alipopimwa na Zabroni mara ya kwanza wekundu ulikuwa umeporomoka karibu na mia. Sasa ulishuka kumi na kidogo, ukasimama. Moto ulikuwa umezimika.

Nikamuuliza amepewa dawa gani. Alitazama chini, akasema, "Hospitali hawakunipa kitu. Kagoma alinigawia vidonge vyake."

"Yeye alikunywa vingapi?"

"Vya siku mbili. Alisema yeye ni mzima tayari, mimi ndiye wa kuhurumiwa. Baada ya wiki mbili damu ikakata."

Vijana, saratani haiponi kwa vidonge vya amiba. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Nikakiona kile kitambaa kilicholowa, nikaona mikono ya Pastori ikinyanyua chupa hii na ile. Nikauliza Kagoma anaendeleaje.

Baba mkwe akasema Kagoma amekonda kidogo, ni uchovu wa shamba, maana msimu mzima alilima mashamba mawili, la kwake na la rafiki yake mgonjwa. Alikuwa anakuja kila asubuhi na uji, anamnawisha, anamtandikia, kisha anakwenda kulima. Aliyasema hayo kwa fahari ya mtu mwenye rafiki wa kweli. Mzima alikuwa amelala kitandani akingoja kufa, na mwenye saratani ndiye alikuwa anamlimia.

Kesho yake nilikwenda Murusagamba. Barabara ilikuwa utelezi mtupu, lori lilikwama mara mbili. Kagoma nilimkuta amekaa kizingitini, jembe kando, mifupa ya mabega imetokeza. Damu haikuwahi kukoma hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi hospitali, alinijibu kwamba aliona aibu. Alikuwa ameambiwa na karatasi ya serikali kwamba ana amiba tu, na jirani yake ana saratani. Angelalamika vipi mbele ya mtu anayekufa? Alikuwa anaukataza mwili wake usilalamike.

Nilimrudisha na lori lile lile. Bahati daktari wetu alikuwa amerudi kutoka mbele, na Zabroni pia, wote wawili wamezeeka kwa miezi michache. Niliwaambia kila kitu, wamesimama mbele yangu: bomba, kitambaa, nafasi iliyobaki wazi kwenye daftari. Daktari alikwenda kumwandaa mgonjwa. Ni Zabroni aliyenishangaza. Nilitegemea anitukane, nilitaka anitukane. Alikaa kwenye kiti chake, akasema, "Nilikutania miaka yote, na ilinipasa kukukataza." Hakunitania tena mpaka anastaafu.

Damu ya Kagoma niliisimamisha mrijani mimi mwenyewe. Haikuhitaji saa nzima, nusu saa wekundu ulikuwa umekwisha kuzama. Homa alikuwa nayo, nyama ya mwili imekwisha. Daktari akampasua, akakuta uvimbe umepenya ukuta wa utumbo, tezi za jirani zimekuwa ngumu, na kwenye ini kuna madoa meupe. Akalipapasa ini, akayahesabu madoa kwa vidole, akamshona tena bila kukata kitu. Zile chembe nyeupe zilizokuwa zimeuzingira ugonjwa zilikuwa zimezidiwa.

Baba mkwe alipoelezwa, hakunitazama. Alikaa siku mbili kwenye mkeka kando ya kitanda cha Kagoma, wakizungumza kwa sauti ndogo, mambo ya migomba zaidi. Siku ya tatu akarudi Murusagamba, na nikasikia kwamba hakuingia hata nyumbani kwake. Alichukua jembe akaenda shambani kwa Kagoma.

Mtaniuliza, tufanye nini? Mnalijua tayari, mmefundishwa darasani. Jina liandikwe kwenye chupa kabla nyama haijaingia, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kioo kifutwe kabla ya kazi, si katikati ya kazi. Mgonjwa alitamke jina lake mwenyewe, nawe uandike anachosema. Na kama kuna jina usiloweza kuliandika, kwa sababu ya mila, au ugomvi, au mapenzi, usiguse chupa hiyo hata kidogo. Toka, umwite mwingine aianze kazi mwanzo hadi mwisho. Kosa langu halikuwa kuheshimu mkwe. Nilitaka kuheshimu mkwe na kufanya kazi kwa mkono mmoja, nusu mimi nusu Pastori, na katika ile nusu na nusu mtu akapotea.

Mimi mwenyewe nilikwenda kwa Kagoma siku ya nane baada ya upasuaji, alasiri, wodi imetulia. Nilimwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mkaza mwana, maana jirani wa mkwe naye ni mkwe kidogo. Nikapiga magoti kwenye sakafu, nikamweleza yote bila kuruka kitu. Alisikiliza akitazama dari.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo ile barua ya saratani ilikuwa yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Unayo?"

Ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilikuwa natembea nayo tangu siku ile ya mrija. Akaniambia nimsomee. Iliandikwa Kiingereza, nikawa naigeuza Kiswahili kadiri nilivyokwenda: kwamba nyama hii ni saratani ya utumbo mpana, kwamba chembe zake bado zimejipanga vizuri, kwamba pembezoni kuna chembe nyeupe nyingi sana kwa sababu mwili unapigana nayo, kwamba hizi ni dalili njema, mgonjwa apasuliwe mapema, ana matumaini ya kupona.

Akaacha kutazama dari, akanigeukia.

"Mwili wangu ulikuwa unapigana," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilikuwa nauambia umepona, twende tukalime."

Nilianza kulia, na sikuona haya. Akaninyooshea mkono nisimame. Kisha akasema kwamba nimeianza barua katikati, barua za serikali hazianzi hivyo, juu huwa na jina la mtu. Nikamwambia ndiyo, jina lipo, lakini ni la baba mkwe.

"Hilo liache, najua huwezi," akasema. "Mimi si mkwe wako. Soma tena, uanze na jina langu."

Nikaikunjua upya. Nikasoma, "Yeremia Kagoma, mwanamume, mkulima, Murusagamba." Akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea mstari kwa mstari, mpaka pale penye matumaini nikasita, naye akafumba macho akanisubiri nimalize.